Pesa Isiyopita Barrière

Nyarubande, Masisi
12 Machi 2023

Dada Epiphanie,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Papa je, miguu imepungua kuvimba? Mimi niko salama. Milio ya bunduki ilisikika Jumatano upande wa bondeni, ikanyamaza Alhamisi, na mpaka leo hakuna aliyehama mlimani kwetu.

Nianze na jambo ambalo Papa ataliuliza kwanza. Nyumba yake ya jibini inafanya kazi. Tangu mlipomchukua kwenda naye Itebero sijakosa kuwasha moto hata asubuhi moja, na kila siku naandika katika daftari langu: bidon ngapi za maziwa zimeingia, za nani, jibini ngapi zimetoka. Watu kumi na tisa wanaleta maziwa. Mama Béata bado ni wa kwanza, saa kumi na mbili kamili, na bado ananiita "bwana mdogo wa jibini" mbele ya watu.

Shida ni barabara. Sake, njia yetu ya kwenda sokoni, imefungwa tangu mwezi wa pili. Jibini mia moja na arobaini zimelala kwenye mbao, hakuna mnunuzi. Wenye ng'ombe ninawaambia "kesho". Unajua mambo yanavyokwenda hapa: mtu asipolipwa maziwa anauza ng'ombe, akiuza ng'ombe hana tena sababu ya kukaa, akiondoka mwingine anaingia shambani mwake. Ninachotaka ni kimoja: moshi wa nyumba hii usizimike kabla ya vita kwisha. Kwa hiyo nimetafuta njia.

Unamkumbuka Merdi, tuliyemaliza naye masomo ya humanités? Kabla ya kurudi kwao Butembo aliniuzia laptop yake kwa bei ya mbuzi wawili, akanifundisha kuchimba pesa za mtandao. Nakueleza kama alivyonieleza. Kuna pesa isiyokuwa na benki. Badala ya benki, kompyuta za dunia nzima zinafanya hesabu ngumu za kuhakikisha malipo, na zinazofanya kazi hiyo zinapewa sarafu. Mashine ndogo kama yangu inajiunga na kikundi. Kikundi kikipata, kila mmoja anapewa kwa kadiri mashine yake ilivyosaidia. Mega za intaneti zinazoliwa ni chache, na umeme tunao bure: ile turbine Papa aliyoiweka kwenye kijito inazunguka saa zote kwa balbu nne tu na simu mbili tatu. Merdi anasema hata dola tano kwa siku inawezekana.

Lakini kilichonishika zaidi si hizo dola tano. Pesa hii haipiti barrière yoyote ya barabarani. Hakuna wa kuisimamisha Sake, hakuna wa kuishusha kwenye gari na kuuliza ni ya nani.

Mashine iko kazini tangu tarehe 6. Barua hii anakuletea Mumbere, yule dereva, kwenye Fuso yake. Papa usimwambie kwanza habari za laptop.

Mdogo wako,
Valens


Itebero, Walikale
27 Machi 2023

Mdogo wangu Valens,

Barua yako ilitukuta wote tuko hai. Mtoto wa mwisho alikuwa na malaria, amepona. Papa anatembea mpaka kanisani na kurudi, na analalamika kwamba huku msituni hakuna majani ya ng'ombe, kana kwamba mimi ndiye niliyeyang'oa.

Ungeandika "Papa usimwambie" juu kabisa ya barua, siyo chini. Nilikuwa namsomea kwa sauti. Nilipofika hapo tuliangaliana. Akasema: "Endelea, na miye sikusikia kitu." Halafu, wakati wa chakula: "Iyo mashine inakamua nini?"

Nikamuuliza Mumbere, maana yeye ni mtu wa Butembo na biashara anaijua. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Mama Epiphanie, vijana wa kwetu walijaribu. Wenye mashine kubwa wanapata kitu. Na laptop? Iyo iko kama kukamua panya. Maziwa iko, lakini utatumia kikombe gani?"

Mimi sicheki. Najua kwa nini unafanya hivyo, na moshi huo hata mimi sitaki uzimike. Ila nafundisha hesabu, na hesabu haifanywi kwa kile Merdi alichosema. Niandikie mambo matatu kutoka daftari lako: mashine imeingiza kiasi gani kweli, inapata joto kiasi gani, na umeiweka wapi.

Dada yako,
Epiphanie


Nyarubande
30 Aprili 2023

Dada Epiphanie,

Salamu kwa wote, na pole kwa malaria. Hapa mvua ni nyingi, kikohozi kinatembea nyumba kwa nyumba, mimi bado hakijanipata.

Umeniomba namba. Siku hamsini na sita: dola mbili na senti kumi. Mumbere atacheka tena, acha acheke. Bei ya sarafu inapanda na kushuka, na mashine haijapumzika hata saa moja. Sijasema nimeshindwa.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Jibini zinavimba. Mwanzo ilikuwa moja, sasa ni safu nzima ya juu. Zinafura kama mpira, halafu zinapasuka ubavuni. Nimekaa na daftari na kutafuta tarehe. Ya kwanza iliharibika tarehe 27 Machi. Nikaangalia ni nini kilibadilika wiki hizo. Ng'ombe mwekundu wa Mama Béata alizaa tarehe 14, na maziwa yake yalirudi kuingia tarehe 20. Unajua Papa alivyokuwa anakataza kutengenezea jibini maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Tarehe zinalingana. Sikuweza kufumba macho kwa sababu tu ni mtu mzima.

Jumatatu, tarehe 24, nilimwambia arudi na bidon yake. Watu kama kumi walikuwa kwenye mstari.

"Valens," alisema, "maziwa ya nyumba yangu unaimwaga mbele ya watu?"

"Sijaimwaga, Mama. Nimesema uirudishe tu."

"Iyo njo kumwaga kwenyewe."

Alipandisha bidon kichwani, akashuka njia ile ya mikaratusi. Hata wale wanaonichekesha kila asubuhi waliangalia miguu yao.

Ninamtuma Mumbere na jibini moja iliyovimba. Mpe Papa aione, athibitishe kwamba kosa ni la maziwa, ili watu waache kuninung'unikia.

Mdogo wako,
Valens


Itebero
9 Mei 2023

Mdogo wangu,

Tuko salama, na hiyo inatosha kwa salamu. Leo nina haraka.

Jibini ilifika Jumamosi. Papa aliiweka kwenye magoti. Hakuikata. Aliigonga kwa kidole, akageuza, akagonga tena, kama daktari anavyogonga mgongo wa mtu. Watoto walitaka kucheka, akawafukuza. Ndipo akaomba kisu.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana niliyaandika papo hapo:

"Maziwa mubaya inavimbisha jibini mapema, siku mbili, siku tatu, ikingali mu chumvi. Ndani unakuta vitundu vidogo vidogo, kama sifongo. Angalia hii. Haiko na vitundu. Ilikomaa muzuri wiki mbili nzima, kisha ikapasuka ndani katikati. Hii maziwa haina kosa. Hii jibini ilisikia joto. Umuulize huyo mutoto ameingiza nini mu chumba yangu. Na ile tundu ya hewa, nani ameifunga?"

Nikamsomea habari ya Mama Béata. Alirudisha kisu mezani na kugeukia ukuta. Unajua mwenyewe. Kwa watu wa ng'ombe, ukimwambia mtu maziwa yake ni mabaya umeingia ndani ya nyumba yake na kutukana kila aliye humo, mpaka waliokufa. Papa amepokea maziwa miaka thelathini na moja. Mabaya aliyapokea, akayapa nguruwe baadaye, mwenyewe akiwa peke yake.

Mara ya pili nakuuliza: laptop umeiweka wapi? Mara ya kwanza hukunijibu, na wewe si mtu wa kusahau swali.

Chukua kile kipimajoto cha maziwa, ukitundike katikati ya chumba cha kukomazia jibini. Wiki moja pima saa nane mchana, mashine ikiwa ilipo. Wiki ya pili itoe, fungua tundu la hewa, pima saa ile ile. Andika zote, hata zile usizozipenda.

Dada yako,
Epiphanie


Itebero
20 Juni 2023

Valens,

Wiki sita. Mumbere amepita kwako mara mbili na anasema moshi unatoka, lakini kila akiuliza barua unamwambia haiko tayari. Papa akisikia honi ya Fuso anavaa viatu. Anatoka, anarudi, anavivua.

Sikuandikii kukugombeza. Andika tu kwamba uko mzima.

Dada yako,
Epiphanie


Nyarubande
2 Julai 2023

Dada yangu Epiphanie,

Niko mzima. Niambie kuhusu miguu ya Papa, na umwombe asivae viatu bure tena: leo barua iko.

Laptop ilikuwa katika chumba cha kukomazia. Niliiweka huko kwa sababu tatu ambazo wakati ule niliziona nzuri. Waya wa balbu unaishia pale. Ni chumba pekee chenye kufuli. Na ni baridi, Merdi alikuwa amesema mashine inapenda baridi. Halafu, kwa kuwa watu wenye bunduki wanapita njia ya chini, sikutaka mwanga wala mlio wa feni utoke nje. Nikachukua gunia nikaziba tundu la hewa. Ni mimi niliyeliziba.

Nilifanya ulivyosema. Wiki ya kwanza, mashine ikiwa ndani: digrii 21, 22, 21, 21, 22, 21, 22. Wiki ya pili, mashine nje na gunia limetolewa: 15, 14, 15, 15, 14, 15, 15. Ungedhani ningekubali hapo. Sikukubali. Nilisema labda wiki ile ilikuwa na upepo. Nikairudisha mashine na gunia wiki ya tatu: 20, 21, 21, 22, 21, 21, 21. Nilitaka namba zinipe haki, dada. Ndiyo maana barua haikuwa tayari.

Jibini zilizoharibika ni sitini na moja. Maziwa ya Mama Béata yamo katika chache tu kati ya hizo, nimehesabu. Na tarehe ya kwanza niliyopaswa kuitafuta katika daftari ilikuwa 6 Machi, iliyoandikwa kwa mkono wangu: "mashine imeanza." Niliisoma mara nyingi na kuiruka, kwa sababu haikuwa ya ng'ombe wa mtu.

Sasa faida. Siku mia moja na kumi za kazi: dola nne na senti ishirini. Nilitaka kuzitoa nimpe hata mtu mmoja. Kikundi kinasema hakitoi chini ya dola kumi na tano. Nilitafuta pesa isiyopita barrière, nikakuta ina barrière yake ndani. Na betri ya laptop imevimba, imeinua kibodi juu. Ukiitazama ubavuni inafanana kabisa na jibini zangu. Feni imejaa masizi ya moto wetu. Jana niliizima.

Mama Béata alihama tarehe 29 Mei. Amekwenda na ng'ombe wake wawili na ndama kwa shemeji yake Kanyamibwa, ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili. Nyumba nne zilimfuata katika mwezi wa sita. Bidon ni kumi na nne. Vita haikumtoa mtu hapa, mimi nimewatoa watano.

Nimemwandikia barua ya kuomba msamaha mara tatu na kuichana. Niambie niandike nini.

Mdogo wako,
Valens


Itebero
11 Julai 2023

Mdogo wangu Valens,

Miguu ya Papa imepungua kweli. Barua yako aliniomba niisome mara mbili, na kwenye zile digrii alinisimamisha: "Alirudia wiki ya tatu? Kichwa ngumu. Iyo njo muzuri. Sasa hatasahau."

Kuhusu barua ya msamaha, jibu lake ni hili: "Hakuna karatasi. Ulimukataa mbele ya watu, umuombe mbele ya watu." Uende kwa miguu, mchana, bila zawadi mkononi. Uchukue watu wawili waliokuwa kwenye mstari ile siku. Ukifika usianze kueleza habari za joto. Omba maziwa yake unywe. Akikupa, unywe yote. Asipokupa, urudi siku nyingine, uombe tena.

Haya yanayofuata ni yangu. Mumbere akipeleka bidhaa Walikale, gari lina nafasi, likienda na likirudi. Nimemwomba achukue jibini ngumu, zile za miezi mitatu, aziuze upande huu badala ya kungojea Sake. Amekubali kujaribu thelathini. Na ule umeme ambao mashine ilikuwa inakula: siku hizi simu ndiyo inayomwambia mtu kama akimbie ao akae, na mlima mzima hauna pa kuichaji. Anayeleta maziwa achajiwe simu kwako bure. Siyo malipo kamili, lakini ni kitu anachopata leo, siyo "kesho".

Sisemi laptop ni shetani. Ikipata betri nyingine itakuandikia orodha vizuri. Ila kuchimba huko, kwa mashine kama hiyo, uliza daftari lako.

Dada yako,
Epiphanie


Nyarubande
6 Agosti 2023

Dada yangu,

Nawasalimu wote, na Papa kwanza. Baridi ya mwezi huu ni kali, lakini chumba kinaipenda: digrii 14 jana, 14 leo.

Nilikwenda Jumamosi, tarehe 22 Julai, na Byukusenge pamoja na mke wake, ambao walikuwa nyuma kabisa ya Mama Béata kwenye mstari. Tulimkuta uani kwa Kanyamibwa anafua. Aliniona tangu mbali, hakusimama.

"Bwana mdogo wa jibini! Umekuja na miguu? Iyo mashine yako haikubebe?"

Wote walicheka, na Byukusenge pia, msaliti. Nikasema nilivyoelekezwa: "Mama, nimekuja kuomba maziwa yako ninywe."

Hapo kicheko kiliisha. Alikamua nguo moja, taratibu, akaianika.

"Maziwa yangu inavimbisha."

"Haivimbishe. Kosa ni langu."

"Sema tena. Kanyamibwa iko kiziwi."

"Miye siko kiziwi," Kanyamibwa akasema.

"Nyamaza, leo uko."

Nikasema tena, kwa sauti, mpaka watoto wa jirani wakaja kwenye ua. Aliingia ndani, akatoka na kikombe kikubwa cha mbao. Nikanywa. Akajaza cha pili, kwa ajili ya wale wa mstari. Nikanywa. Akajaza cha tatu.

"Na hiki, Mama?"

"Ya ndama. Ulitukana mama yake akiwa hajamaliza mwezi na nusu. Kunywa."

Tumbo lilikuwa kama ngoma. Nilimaliza. Ndipo nikamweleza habari ya gunia na joto, na hakuisikiliza sana. Nilipomuuliza kama atarudi, alinionyesha kwa kidevu upande wa kwetu. Kutoka kwenye ule uwanja wa Kanyamibwa unaona mlima wetu wote.

"Kila asubuhi ninaangalia moshi yako. Nilisema, siku itakosa, nitajua na yule amekimbia, nitauza ng'ombe. Haikukosa. Iyo njo imeniudhi zaidi." Akarudi kwenye nguo zake. Hakuahidi kitu.

Mumbere aliuza thelathini zote Walikale, na anataka nyingine. Nimewalipa watu maziwa ya mwezi wa pili na wa tatu. Simu zinachajiwa kwenye ile meza ya chumvi, wakati mwingine simu kumi na mbili kwa mara moja, na kila mtu anamtukana mwenzake kwa sababu ya waya. Laptop iko kabatini bila betri. Zile dola nne na senti ishirini ziko huko ziliko, hakuna wa kuzitoa, hata mimi. Ninampelekea Papa jibini mbili azigonge.

Kuhusu yale mengine, nanakili kutoka daftari. 24 Julai, bidon 14. Tarehe 27, bidon 15: nyumba moja imerudi. Tarehe 31, bidon 16. 3 Agosti, bidon 16. 5 Agosti, bidon 16.

Leo asubuhi nilikuwa nimeinama napuliza moto, kuni zilikuwa mbichi, nalia na moshi. Nikasikia bidon inawekwa chini nyuma yangu. Sikugeuka. Niliangalia saa: kumi na mbili kamili.

"Bwana mdogo wa jibini," sauti ikasema, "andika mu kitabu yako: Béata, litre nane. Na ufanye haraka, simu yangu iko na asilimia mbili."

Mdogo wako,
Valens